Jamvi la Shubiri Thelathini

Shubiri ya mtoto haikunjwi. Maneno hayo Mwarami aliambiwa asubuhi hii na mpishi wa uji, naye akaja na mwenzake Leokadia kuniuliza yametoka wapi, maana katika vitabu vya methali walivyosoma chuoni hayamo. Kweli hayamo. Methali hii haijafikisha miaka arobaini, imezaliwa katika shule hii hii mliyoletwa kufanyia mazoezi ya kufundisha, na sidhani kama imevuka mipaka ya Kipungwi. Kaeni. Wewe Mwarami usinune, hukuambiwa kwa ubaya. Ulimpokonya mtoto kijiti ukampimia mwenyewe, na mama yule akasema kinachosemwa hapa mtu akifanya hivyo. Chanzo chake nakijua kuliko yeyote, kwa sababu aliyeikunja shubiri hiyo ni mimi.

Ilianza hivi. Nilikuwa mwalimu wa Darasa la Pili, kijana, mwaka wangu wa pili tangu nitoke Songea, na nilijiona kweli kweli. Darasa langu halikuwa na dawati hata moja. Watoto hamsini na wawili walikaa juu ya saruji, na ikifika miezi ya baridi kikohozi kilianza mstari wa mbele kikaishia mstari wa nyuma. Basi nikapelekwa semina ya siku tano ya kufundisha hisabati kwa vitendo. Tukaambiwa mtoto wa umri ule hajui vipimo kwa kukariri ubaoni, anavijua kwa kupima. Apime maji kwa makopo, mchanga kwa vibaba, meza kwa shubiri, uwanja kwa hatua.

Nilirudi na gunia la vizibo, vijiti na makopo matupu, na kwa majuma matatu darasa lile lilikuwa na furaha ambayo sijaiona tena. Walipima kila kitu. Walipima mlango, walipima mbuyu wa bendera, maana mlingoti wenyewe walikuwa wameubatiza hivyo kwa utani, na siku moja walimpima mbuzi wa mwalimu mkuu kuanzia pembe hadi mkia, nikaitwa ofisini kujieleza. Nilicheka mwenyewe njia nzima.

Katika semina ile mkufunzi alitueleza jambo moja, nami nikaliandika na kulipigia mstari. Alisema: watoto wakipima kwa mikono yao, majibu yatatofautiana, kwa sababu mikono yenyewe inatofautiana. Msiogope. Waulizeni kwa nini. Hapo ndipo wataona wenyewe kwa nini watu walihitaji rula na mita. Daftari hilo bado ninalo sandukuni, na mstari wenyewe unaonekana mpaka leo, wa wino mwekundu.

Sasa, katika darasa hilo alikuwamo msichana mmoja jina lake Somoe, wa miaka minane, mwembamba, asiye na maneno mengi. Aliishi na bibi yake, Binti Mfaume, ambaye alikuwa msukaji wa mikeka na majamvi. Nyumba nyingi hapa, ukiuliza mkeka wa sebuleni kasuka nani, utaambiwa Binti Mfaume. Lakini nilipomkuta mimi alikuwa amekwisha kuzeeka. Miguu ilikuwa imevimba, hatoki nyumbani ila kwa kubebwa, na vidole vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi. Kusuka aliweza bado, taratibu, kwa sababu kusuka hakutaki kiganja kilichonyooka. Kutanua mkono ndiko kulikomshinda. Ile shubiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ilikuwa imemtoka mkononi.

Katika mkutano wa wazazi, siku tuliyozungumza habari ya watoto kukaa chini, bibi huyu alikuwa amebebwa akaletwa. Wanaume walisema serikali italeta madawati. Yeye akasema, "Nyie subirini madawati. Mimi nitawasukia watoto jamvi la mbele, ukuta kwa ukuta, wale wadogo wenye kifua wakae hapo. Vidole vyangu vimebakiwa na jamvi moja tu, nami nataka likaliwe na watoto." Watu walipiga makofi, nami nikapiga, kisha nikalisahau jambo lenyewe.

Nisilolijua ni namna walivyofanya kazi, yeye na mjukuu wake. Kwa kuwa mkono wake haukutanuka tena, alipimia mkono wa Somoe. Palipohitaji mkeka, Somoe alikwenda akapima kwa shubiri zake, akarudi na hesabu. Kisha ukili, ule utepe mrefu wa kushonea mkeka, uliposukwa, Somoe aliuweka mkono wake juu yake, bibi akahesabu kwa sauti mpaka hesabu ile ile itimie, ndipo akaukunja na kuanza kushona. Kanuni ilikuwa moja: mkono uliopima mahali ndio huo huo upime mkeka. Mkono mdogo au mkubwa haidhuru, mradi ni mmoja. Bibi yule hakusoma hata siku moja, lakini kile nilichofundishwa semina kwa siku tano yeye alikuwa akikiishi. Mimi kwetu mikeka tuliikuta sokoni, hata sikuwahi kufikiri kwamba inapimwa.

Basi ikaja barua kwamba mgeni kutoka ofisi ya elimu atakuja kuona somo langu la vitendo. Somo la mfano, ndivyo linavyoitwa, nanyi mtayafanya mengi. Mwalimu mkuu akaniambia, "Mwalimu Editha, usituaibishe." Neno hilo likaniingia. Nikaandika andalio la somo vizuri: watoto watapima upana wa darasa kwa shubiri. Kwenye nafasi ya jibu, nikapima mwenyewe kwa mkono wangu nikapata thelathini, nikaandika thelathini. Halafu nikaanza kuwaza: watoto hamsini na wawili wakitoa majibu hamsini na mawili mbele ya mgeni, huyu mgeni ataniona sijui kufundisha. Ule mstari mwekundu niliukumbuka, nisiwadanganye. Niliukumbuka nikaupita. Jumanne, siku moja kabla, nikafanya mazoezi na darasa. Nikiuliza upana wa darasa ni shubiri ngapi, mnasema? Thelathini. Tena? Thelathini.

Jumanne hiyo Somoe hakuja shule. Alikuwa na bibi yake wakiloweka miyaa, yale majani ya kusukia.

Jumatano mgeni akaketi nyuma, kalamu mkononi. Watoto wakapiga magoti ukutani kwa makundi, wakatambaza mikono kutoka upande huu hadi ule kama nilivyowaelekeza, lakini hakuna aliyekuwa akihesabu, walikuwa wanalisubiri lile neno. Kundi la kwanza nikauliza, thelathini. La pili, thelathini. La tatu, ambalo Somoe alikuwamo, wenzake wakasema thelathini, naye akasema peke yake, "Arobaini na tatu, mwalimu."

Wenzake wakacheka. Mgeni akainua kichwa. Nikamwambia Somoe apime tena, nikidhani atawaona wenzake atajirudi. Akaanza tena ukutani, peke yake, darasa zima likimngoja. Aliweka gumba, akatanua, akaweka alama kwa kidole cha mwisho, akasogeza gumba pale pale kwenye alama, bila kuruka wala kupandanisha. Hakuna mtoto niliyepata kumwona akipima vizuri namna ile, na nimefundisha miaka thelathini na sita. Alipofika mwisho akasimama akasema, "Arobaini na tatu."

Nikamwendea. Nikauchukua mkono wake wa kulia, nikavikunja vidole vyake kimoja kimoja mpaka vikawa ngumi, huku natabasamu kwa ajili ya mgeni. Nikasema, "Mkono huu haujajua kupima bado. Jibu ni thelathini. Sema."

Akasema, "Thelathini."

"Sema kwa sauti."

"Thelathini."

Nikamwambia akae. Mgeni akaandika kitu, akaja baadaye akanishika mkono na kunipongeza kwa kudhibiti darasa. Mwalimu mkuu akaniletea soda. Sikumpiga Somoe, na kwa muda mrefu hilo lilikuwa kinga yangu: kwani nilimpiga? Jioni nilipokuwa nafagia vizibo niliwakumbuka wale watoto wakitambaza mikono bila kuhesabu, nikaona aibu kidogo, nikaizima.

Kumbe asubuhi ile bibi yake alikuwa amemwambia, "Leo nipimie darasa lenu, mke mwenzangu, miyaa imekwisha lainika." Hivyo ndivyo alivyomwita, kwa utani wa bibi na mjukuu. Somoe aliporudi akamuuliza ni shubiri ngapi. Somoe akasema thelathini.

"Umepima mwenyewe?"

"Nimepima. Na mwalimu alikuwapo."

Bibi akaridhika. Kama mwalimu alikuwapo, yeye atilie shaka nini? Akaanza kusuka. Haya yote alinisimulia yeye mwenyewe baadaye, ndiyo maana nayajua.

Alisuka miezi miwili na nusu. Mtu mwenye vidole vizima angemaliza kwa majuma matatu. Jirani zake walisema kuna siku alisuka urefu wa kiganja tu akalala na mikono ndani ya maji ya moto. Somoe alipaka rangi miyaa, nyekundu na zambarau. Siku ya kuukunja ukili wa kwanza, akaweka mkono wake, bibi akahesabu, ilipofika thelathini akaukunja. Na ukishaukunja ukili wa kwanza, urefu wa jamvi umekwisha kuamuliwa, kinachobaki ni kushona kwenda na kurudi hadi upana utimie. Somoe akasema, "Bibi, ongeza kidogo."

"Niongeze kwa nini? Si ulipima wewe?"

Somoe akaendelea kuushikilia ukili. Angesema nini? Angesema mkono wake umekataliwa mbele ya darasa, mkono ambao bibi yake alikuwa akiutegemea? Mtoto wa miaka minane, aibu ile aliibeba peke yake miezi miwili na nusu, akiona jamvi linashonwa fupi mbele ya macho yake, na asubuhi anakuja shuleni ananiambia shikamoo mwalimu, nami naitikia marahaba.

Jamvi lililetwa Jumatatu moja asubuhi. Vijana wawili walilibeba limeviringishwa, na Binti Mfaume akaletwa juu ya baiskeli inayosukumwa, amejifunga kanga mpya. Watoto niliwatoa nje wakasimama madirishani. Wakaliegemeza ukutani upande wa mlango, wakaliviringua kuelekea ukuta wa pili. Lilikuwa zuri. Likaenda, likaenda, likaisha. Saruji ilibaki wazi, eneo la kukaa watoto sita au saba kila safu.

Kijana mmoja akalivuta jamvi, ati huenda limejikunja mahali. Halikuwa limejikunja.

Binti Mfaume akasema polepole, "Nimezeeka. Nimehesabu vibaya." Akamwita Somoe. "Njoo upime, mke mwenzangu, tulione kosa langu liko wapi."

Somoe akapiga magoti akapima jamvi, bibi akahesabu. Thelathini kamili. Akamwambia apime na saruji iliyobaki. Kumi na tatu.

"Thelathini na kumi na tatu," bibi akasema. "Siku ile uliniambia ngapi?"

"Thelathini."

"Na mkono wako ulisema ngapi?"

Somoe akainua uso. Aliniangalia mimi. Bibi naye akageuka akaniangalia.

Hapo, wanangu, nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema: bibi, kosa ni langu, mtoto alipima sawa. Maneno saba tu. Badala yake nikasema, "Watoto hukosea, bibi. Tusimlaumu."

Kile kitendo cha Jumatano mtu anaweza kukiita woga wa ujana. Hiki cha Jumatatu sina jina la kukipa. Nilimwona Somoe akiinamisha kichwa, akakubali kwamba alikosea, na mimi nikamwacha akubali.

Binti Mfaume hakuwa mjinga. Akasema, "Mwalimu, hebu nawe weka shubiri yako hapa." Sikuweza kukataa. Nikachutama, nikatanua mkono juu ya jamvi. "Somoe, weka wako pembeni." Mkono wangu ukaupita wa mtoto kwa zaidi ya vidole vitatu. Bibi akaitazama mikono ile miwili. Kisha akauliza upana wa darasa kwa mkono wangu ni ngapi.

Nikasema, "Thelathini."

"Basi mtoto hakukosea," akasema.

Ndipo Somoe akaanza kulia, bila sauti, na kwa kilio hicho akasema kila kitu, jinsi nilivyomkunja vidole na alivyoambiwa aseme kwa sauti. Watoto madirishani wakathibitisha. Mmoja akasema, "Hata sisi hatukuhesabu, tuliambiwa jana yake."

Binti Mfaume akainua mkono wake, ule wenye vidole vilivyopinda, akanionyesha. Hakukasirika, na heri angekasirika. Akasema, "Mwalimu, huu wangu umekunjwa na uzee, na uzee una haki yake. Wa huyu una miaka minane. Shubiri ya mtoto haikunjwi."

Niliomba msamaha pale pale, kwake na kwa mtoto, mbele ya watu wote. Watu walisema yamekwisha. Bibi akasema atasuka kipande cha shubiri kumi na tatu, akishone mwishoni, ingawa kwa msukaji kama yeye kiraka katika jamvi jipya ni aibu. Nikampelekea miyaa mwenyewe, nikawa naenda kila alasiri kumchemshia maji ya kuloweka mikono. Wakati huo ndipo aliponisimulia yale ya nyumbani. Alifika shubiri ya tano. Mwezi uliofuata vidole vikakataa kabisa, na kabla ya mvua za vuli akafariki. Kipande kile hakikushonwa popote. Walimfunika nacho tulipompeleka makaburini, kisha sijui kilikwenda wapi.

Jamvi lilidumu miaka tisa. Watoto wote wa darasa hilo walijua kwa nini linaishia pale linapoishia, wakaenda nalo majumbani, na mtu mzima akimkatiza mtoto kauli au kumpokonya kazi, akaambiwa maneno ya Binti Mfaume. Ndivyo yalivyokuwa methali. Na mimi nikawa mwalimu mwingine, hilo naweza kusema bila kujisifu. Nilifundisha vipimo miaka mingi, na watoto wangu walitoa majibu hamsini nikayaandika yote ubaoni.

Lakini mnataka mwisho wa habari, na mwisho wake ni Somoe. Alimaliza la saba. Hakufeli, hakufaulu. Kila nilipomuuliza swali, alinitazama usoni kwanza, akitafuta humo ninachotaka, ndipo ajibu. Nilimsubiri, nilimsifu, nilimwambia sema unavyoona wewe. Akatabasamu tu. Kusuka hakusuka tena. Akaolewa Nangurukuru, sikumwona miaka kumi na mitano.

Halafu Januari moja akaja na mtoto wake kumwandikisha darasa la kwanza. Mama mzima, amenenepa, mchangamfu. Nilifurahi nikamkalisha ofisini. Nikaona Mungu amenipa nafasi nyingine, nikamwambia yale ambayo nilikuwa nimeyaandaa moyoni miaka yote hiyo. Nikamwambia, "Somoe mwanangu, siku ile ulipima sawa. Ilikuwa arobaini na tatu. Mkono wako ulikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyekosea."

Akanitazama usoni, vile vile kama zamani, akitafuta. Kisha akasema kwa adabu kabisa, "Kama mwalimu unasema ilikuwa arobaini na tatu, basi ilikuwa arobaini na tatu."

Nilimwandikisha mtoto wake, nikawasindikiza mpaka barabarani, nikarudi nikajifungia ofisini nikalia. Kwa hiyo, Mwarami, kesho mtoto yule mrudishie kijiti chake, umwache apime, na akikuletea jibu usilolitegemea, kaa kimya kwanza. Samaki mkunje angali mbichi, hiyo mmeisoma chuoni, na ina mahali pake. Lakini shubiri ya mtoto haikunjwi.